Mashine Saba za Mama Mchungaji

Mama Mchungaji hakukupa mkono kabla ya kukukagua vidole. Ulifika mlangoni pa chumba chake cha kompyuta, pale Kamachumu, ukapiga hodi, ukavua viatu, halafu ukanyoosha mikono yote miwili mbele yake. Yeye akashusha miwani kutoka kichwani, akainama, akageuza viganja vyako juu na chini. Kama ulikuwa umetoka kumenya ndizi na utomvu bado umekuganda, alikurudisha bombani. Kama ulikula parachichi njiani, bombani. Siku moja alikuja mgeni mheshimiwa na msafara wa magari mawili, amevaa suti ya kijivu, akatoa mkono ili wasalimiane. Mama akaushika ule mkono, akautazama, akasema kwa upole, "Maji yako kulia, baba, na sabuni ipo." Mheshimiwa akaenda kunawa. Sisi wanafunzi tulikodolea macho sakafu tusije tukacheka.

Tulimwita Mama Mchungaji kwa sababu mume wake ndiye aliyeongoza usharika pale. Jina lake lilikuwa kwenye vyeti tu. Hata Mchungaji mwenyewe, akitaka kitu, alimwita "Mwalimu", na akitaka kitu kikubwa alimwita "Mwalimu wangu". Alianza kwa kufundisha vijana kupiga taipu, na utepe wa taipu ulipoadimika zikaja kompyuta: saba, zawadi kutoka usharika rafiki huko Ulaya, ambako zilikuwa zimeshapitwa na wakati kabla hazijapanda meli. Zilikuja na rangi ya maziwa. Miaka ikazigeuza rangi ya chai ya maziwa. Kila moja aliiandika namba kwa rangi nyekundu ya kucha, ingawa yeye mwenyewe hatukuwahi kumwona amepaka kucha. Rangi ile aliipata wapi, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mimi niliingia chumba kile baada ya matokeo ya kidato cha nne ambayo sitayaeleza hapa. Nilitoka nikijua kuandika barua ya kazi, kuchora jedwali, na kufungua kasha la kompyuta bila kupoteza skrubu hata moja. Leo mimi ni fundi mjini Bukoba. Na kazi inayonilisha ndiyo ambayo yeye hakutaka kuisikia: nachukua kompyuta za zamani, natoa matumbo yote, naweka vitu vya kisasa ndani. Wapo watu wanaoipenda sura ile ya zamani, kasha gumu la pande nne na kitufe cha kuwashia kikubwa kama kifungo cha koti, lakini wanataka kasi ya leo. Sisi mafundi tunaita kuchinja. Neno hilo lilinigombanisha na Mama Mchungaji kwa miaka mingi, na sijapata mtu mwingine niliyefurahia kugombana naye namna ile.

Sheria yake ilikuwa fupi. Mashine iliyokufa, chinja, usibakize hata waya. Mashine inayowaka, usiiguse. Shida ilikuwa nani wa kutangaza kifo. Kwake, mashine haikufa kwa kukataa kuwaka siku moja, wala wiki. Kwanza aliifungua akaisugua ndani kwa brashi, na brashi yenyewe ilikuwa ya kunyolea ndevu, mali ya Mchungaji, ambaye kila mara aliitafuta bafuni bila kuipata. Halafu aliianika sebuleni, mbali na jua kali, kama mtu anavyoanika kahawa isiyotakiwa kukauka haraka. Halafu aliijaribu tena asubuhi, kabla hajanywa chai, kwa maelezo kwamba asubuhi umeme unakuwa umepumzika. Mimi fundi nilimweleza kwamba umeme haupumziki. Akanijibu, "Wewe umesoma kwangu, mimi sijasoma kwako."

Mawingu yakianza kukusanyika upande wa ziwa, alisimamisha somo. Hata kama ulikuwa katikati ya sentensi, ulihifadhi kazi yako, ukazima, na yeye akapita akichomoa nyaya zote saba kutoka ukutani, akizihesabu kwa sauti. Tuliona ni woga wa kizee. Kisha alasiri moja radi ilipiga eneo lile na kuunguza kompyuta mpya kabisa za ofisi moja jirani, pamoja na televisheni mbili na friji. Kesho yake Mama alifungua darasa kama kawaida. Hakusema lolote kuhusu radi. Ila alipita kati yetu akifunua zile mashine moja baada ya nyingine kwa madaha kidogo, kama anayefungua pazia.

Kufunua, kwa sababu zote zilivikwa. Alizishonea mavazi ya vitambaa vilivyobaki kwenye sare za kwaya, kila moja na kipimo chake, na sehemu ya kiwambo ikashonewa kilemba. Nje ya saa za masomo chumba kile kilionekana kama kikao cha akina mama saba wanaomsubiri mwenyekiti.

Sasa huyuhuyu, mlinzi wa mashine zinazowaka, aliwahi kuchinja redio ya mume wake. Kisa hicho nilikisikia kwa pande mbili, na pande hizo hazijakutana mpaka leo. Mama anasema redio ilikuwa inakohoa. Mchungaji anasema ilikuwa inasoma taarifa ya habari ya saa saba mchana, naye alitoka dakika mbili kwenda kufunga mbuzi, aliporudi akaikuta mezani imefunguliwa, spika yake imeshahamia kwenye kompyuta namba sita.

"Ilikuwa mahututi," Mama alisema.

"Ilikuwa inazungumza, Mwalimu! Mahututi gani anasoma habari?"

"Bedi komandi," akajibu Mama, na mjadala ukaishia hapo.

Maneno hayo yalikuwa silaha yake. Zile kompyuta za zamani, ukiandika amri isiyoeleweka, zilikujibu kwa Kiingereza kwamba umekosea amri. Mama aliyachukua akayafanya yake. Mwanafunzi akitoa udhuru wa uongo: bedi komandi. Muuza samaki akitaja bei ya ajabu: bedi komandi. Nilisikia kwamba hata kwenye kikao kimoja cha usharika, mzee fulani alipopendekeza chumba cha kompyuta kigeuzwe ghala la mahindi, sauti ya mwanamke ilisikika kutoka kiti cha nyuma ikisema hivyohivyo, na ghala likajengwa kwingine.

Alikataza kula chumbani, lakini msimu wa senene, wale panzi wa kukaanga, ukifika, kopo lake lilikuwa kwenye droo ya meza, na wakati sisi tunanakili barua alikuwa anatafuna taratibu, akidhani hatusikii. Alikataza haraka, lakini yeye mwenyewe alipiga herufi kwa kasi ambayo iliwafanya wapita njia wasimame dirishani.

Nilipofungua duka langu Bukoba nilikuwa namtembelea kila nikienda Muleba kikazi, na kila mara tulianza pale tulipoachia.

"Mama, hii inachukua dakika nne kuwaka."

"Na wewe ndani ya hizo dakika nne ulikuwa unaenda wapi?"

"Haifungui hata picha."

"Nani kakuambia nataka picha? Nafundisha barua."

"Simu hii mfukoni mwangu ina nguvu kuliko zote saba ukizijumlisha."

"Vizuri. Itoe mfukoni, ifundishe watu kumi kupanga anwani, tuone."

Lakini siku moja nilimpiga mahali penye uchungu. Nilimwambia, "Mama, wanafunzi wako wakifika ofisini wanakuta kompyuta ambayo hawajawahi kuiona. Wanaona aibu. Wengine wanarudi nyumbani." Alinisindikiza hadi barabarani mapema kuliko kawaida, akaniaga, akarudi. Nilijilaumu njia nzima. Nilipopita tena baada ya mwezi nikakuta mashine ya nane mezani: kompyuta mpakato iliyotumika, aliyoiomba kwa binti yake, nayo imeshonewa nguo. Herufi walijifunza kwenye zile saba, mengine kwa zamu kwenye ile mpya. "Umesema kweli," aliniambia, "lakini hukusema zile saba zimekosa nini."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikulipenda kulieleza kwa muda mrefu.

Mjini kulikuwa na bwana mmoja mwenye studio ya kuhariri video za harusi. Alitaka kompyuta yenye nguvu, lakini ndani ya kasha la zamani, lile refu la kusimama, ili wateja wakiingia waulize. Nilizunguka Bukoba yote sikulipata. Nilijua mahali pamoja tu lilipo: namba nne ya Mama Mchungaji. Na kama bahati, au kama mtego, wiki hiyohiyo Mama alinipigia simu kwamba namba nne imegoma kuwaka, ameisugua, ameianika, bado.

Nilikwenda. Nilifungua kasha, na ndani ya dakika tano nikaona ugonjwa. Zile mashine zina betri ndogo ya kutunza saa, na betri ikizeeka inavuja maji makali yanayokula njia za umeme kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu. Njia mbili zilikuwa zimelika. Kazi ya nusu siku. Nikanyanyuka, nikajifuta mikono, nikamwambia, "Imekufa, Mama."

Alivua miwani. "Umehakikisha?"

"Nimehakikisha."

Akaikunja nguo ya ile mashine vizuri, akaiweka kabatini, akapitisha kidole juu ya ile namba nyekundu. "Basi nenda nayo. Kama inaweza kukusaidia kitu, ikusaidie." Niliifunga mkanda kwenye kiti cha mbele cha gari la kukodi, nikashuka nayo hadi Bukoba bila kuitazama.

Cha kushangaza ni kwamba dukani niliitengeneza kwanza. Sijui nilitaka kujithibitishia nini. Nilitoa betri, nikasafisha, nikaunganisha zile njia mbili kwa waya mwembamba, nikawasha. Ikalia pip moja. Ikaanza kuhesabu kumbukumbu yake, taratibu, kama mzee anayehesabu wajukuu. Nikaitazama hadi ikamaliza. Kisha nikaizima, nikaichinja.

Nilikata bati la nyuma kwa grainda, nikatoboa matundu mapya ya kushikilia ubao mpya, nikaficha feni, nikauacha uso wake wa mbele kama ulivyokuwa, pamoja na ule mdomo mpana uliokuwa unameza disketi kubwa. Mwenye studio alipoiona alipiga kofi moja la furaha. Ubao wa zamani niliwapa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mashine ya ndani ya kusomea disketi ilibaki kwenye boksi chini ya meza, pamoja na waya wake, kwa uvivu wangu tu.

Miezi ikapita. Kisha Kamachumu akafika kiongozi wa kwaya ya akina mama kutoka Nshamba, amebeba kopo la biskuti. Ndani ya kopo mlikuwa na disketi tatu kubwa, zile laini zinazopinda. Nyimbo zao za Kihaya, za miaka waliyokuwa wasichana, zilichapwa na mwanafunzi mmoja wa Mama zamani sana. Karatasi zililiwa na mchwa. Aliyezitunga alikuwa ameshafariki. Kwaya ilikuwa inaandaa sherehe ya kumbukumbu ya kuanzishwa kwake, na wenye kukumbuka walikuwa wanapungua. Mama akamwambia asihangaike. Akanipigia simu nikiwa dukani.

"Fundi, namba nne ndiyo peke yake yenye mdomo mkubwa. Najua imekufa, lakini mdomo unaweza kuwa mzima. Utanitolea huo mdomo?"

Nilimwambia nakuja. Sikuweza kusema mengine kwenye simu. Nilimkuta ameketi na kiongozi wa kwaya, kopo liko katikati yao mezani. Nikaomba kuzungumza naye nje, tukasimama kando ya kibanja, shamba lao la nyumbani, kwenye kivuli cha migomba.

"Mama, namba nne haikuwa imekufa."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa inatengenezeka. Niliitengeneza, ikawaka. Halafu nikaichinja."

Sikuona hasira usoni mwake, na ningependa ningeiona. "Ikawaka," alisema, "ukaiona imewaka."

"Ndiyo, Mama."

Akachukua kisu cha migomba kilichokuwa kimeegeshwa ukutani, akaingia kibanjani, akaanza kukata majani makavu. Alikata mgomba mmoja, wa pili, wa kumi. Nilisimama palepale. Mchungaji alitoka, akamtazama mke wake, akanitazama mimi, akaelewa kwamba kuna jambo. Akaniegemea begani na kuninong'oneza, "Na mimi siku ya redio nilisimama hapohapo." Nilicheka bila kupenda, machozi yakiwa karibu.

Mama alirudi na kapu la majani, jasho likimtiririka. "Mdomo uko wapi?"

"Dukani, kwenye boksi. Na waya wake upo."

"Kesho asubuhi uwe hapa. Tutaufunga kwenye namba mbili."

Nilifika mapema kuliko mwanafunzi yeyote. Nikafungua namba mbili huku Mama amesimama nyuma yangu, akifuatilia kila skrubu. Nikaunganisha. Nikaieleza mashine kwamba sasa ina mdomo mwingine. Nikaingiza disketi ya kwanza. Ikanguruma, ikakwaruza, ikakataa. Mama akaondoka, akarudi na pamba na spiriti ya kusafishia vidonda. Nikasafisha kile kichwa kidogo kinachosoma, nikairudisha disketi. Ikanguruma tena, ikatulia, na kwenye kiwambo yakapanda maneno ya Kihaya, mstari kwa mstari, rangi ya kijani.

Kiongozi wa kwaya alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Akasoma mstari wa kwanza kimoyomoyo, wa pili kwa sauti, wa tatu akaimba.

Disketi ya pili ilisoma. Ya tatu ilikuwa na ukungu ndani, na kila tulipojaribu ilitoa mlio wa kukata tamaa. Nilisafisha mara nne. Mwishowe nikamwambia Mama hii haitasoma, na niliogopa kulitamka neno hilo kwake. Akaitazama mwenyewe dhidi ya mwanga wa dirisha, akaona madoa. "Hii ni kweli," alisema. Kisha akamgeukia yule mama. "Wako wangapi walioimba wakati ule?"

"Tumebaki wanne, waitu," akajibu kwa lile neno letu la heshima. "Lakini hatukumbuki zote."

"Kila mmoja anakumbuka chake. Waite."

Walikuja kesho yake, akina mama wanne waliovaa vitenge vya sherehe, wakakaguliwa vidole mlangoni, wakakalishwa kwenye viti vya wanafunzi. Mama alikaa kwenye namba mbili. Mmoja alianzisha, wa pili akadakia, wa tatu akasimamisha kila kitu akisema ubeti huo si hapo. Walibishana juu ya ubeti mmoja wa mavuno ya kahawa karibu nusu saa, kila mmoja akiuimba kwa namna yake, na Mama akiziandika namna zote. Ilipofika adhuhuri walikuwa wameshasahau kwamba wako darasani. Mmoja alisimama akacheza kati ya meza, ameshika kiuno, na Mama hakumkataza, ila alisogeza waya wa umeme kwa mguu asije akajikwaa. Tulipozichapa nyimbo hizo, ile printa yake yenye kelele ilianza kukereza karatasi, na wale akina mama wakaipigia makofi, wakafuata mdundo wake. Nimehudhuria harusi nyingi zilizokuwa na furaha pungufu ya ile.

Walipoondoka, Mama aliniambia jambo moja tu. "Nataka kuiona."

Kwa hiyo nilimpeleka Bukoba, studio ya yule bwana. Nilijua anakwenda kunisema mbele ya mteja wangu, nami nilikuwa nimejiandaa kusemwa. Aliizunguka namba nne kwanza, mikono nyuma. Alikuta namba yake nyekundu bado ipo. Mwenye studio alikataa ifutwe, aliona ni urembo. Kisha bwana yule akaiwasha, ikawaka kwa sekunde chache, akamwekea harusi aliyokuwa anaihariri. Mama akavuta kiti. Akaomba sauti iongezwe. Akaitazama harusi ya watu asiowajua kuanzia bibi harusi anashuka kwenye gari hadi keki, akatoa maoni juu ya kilemba cha mama mzaa chema, akauliza kama kuna nyingine.

Nje, tukielekea stendi, alisimama ghafla. "Ulinidanganya kuhusu kitu kilichokuwa kinawaka. Hilo sijalisahau, na usitegemee nitalisahau." Akatembea hatua kadhaa. "Yale matundu ya nyuma uliyapiga mwenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Yamenyooka."

Hilo lilikuwa cheti kwangu. Tangu siku ile sijachinja mashine bila kumwambia mwenye nayo ukweli wa hali yake, na wapo wateja ambao wakisikia "hii inawaka vizuri kabisa" huamua kurudi nayo nyumbani. Wengine huniachia. Ndivyo nilivyojikuta na rafu nzima ya kompyuta kuukuu zinazowaka na zisizo na kazi, na mke wangu hupita hapo akitikisa kichwa.

Mwaka huu, masika yalipokwisha, Mama alinipigia simu. "Njoo na bisibisi zako."

Darasa lilikuwa limeshafungwa. Chumba kile sasa ni cha chekechea, na mashine zake sita za zamani zilizobaki zimehamia sebuleni kwao, zimepangwa ukutani na nguo zao. Nilimkuta ameketi karibu na dirisha. Aliniita kwa jina kabla sijafika karibu, kwa hatua zangu, nami nikaelewa. Macho yalikuwa yamekwenda. Daktari alimweleza kwamba ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Matone yanalinda kidogo kilichobaki. Alinieleza hayo yote kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba.

"Nataka uchinje namba moja," alisema.

"Namba moja inawaka, Mama."

"Najua inawaka. Nimeiwasha asubuhi."

"Basi nichinje ya nini? Nina makasha mengine dukani. Nikuletee mpya kabisa, ya kisasa, nyepesi."

"Sitaki nyepesi. Vidole vyangu vinajua hizi herufi. Nimesikia siku hizi zipo kompyuta zinazokusomea kwa sauti unachoandika."

"Zipo. Lakini Mama, namba moja ndiyo iliyofika ya kwanza. Ni nzima kabisa. Umeitunza miaka yote hii, leo mimi niichinje?"

Nilijisikia nikizungumza maneno yake ya zamani, naye akajisikia akizungumza yangu. Alianza kutabasamu kwanza.

"Inawaka," alisema, "lakini mimi siioni ikiwaka."

Kisha nikaomba nitoe skrubu ya kwanza pale pale, mbele yake. Akakataa. Akaipapasa mwenyewe nyuma ya kasha, akaikuta, akanyoosha mkono apewe bisibisi.

Kazi ilinichukua wiki. Sehemu zote nilizotoa nimezifunga pamoja kwenye sanduku la mbao, nimeandika namba yake juu, na mtu akitaka kuirudisha ilivyokuwa, ni mchana mmoja tu. Kibodi niliacha ileile nzito, nikaitafutia kiunganishi cha kuipatanisha na ubao mpya. Niliporudi Kamachumu nikaiweka kwenye meza ya dirishani, nikaongeza sauti hadi mwisho ili aisikie vizuri, nikamwambia aandike chochote.

Aliweka vidole. Akafikiri. Akaandika salamu yetu ya heshima: *Kamilembe, waitu.* Akabonyeza kitufe nilichomwonyesha.

Mashine ikasema. Ilitamka kama mzungu aliyejifunza Kiswahili kwa miezi mitatu na kukutana na Kihaya kwa mara ya kwanza, kwa sauti nene iliyojaza nyumba nzima. Mama alirudi nyuma kwenye kiti, akacheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mchungaji masikio yake nayo yamezeeka. Anayetaka kuzungumza naye lazima apaze sauti. Lakini sauti hii aliisikia. Kutoka chumba cha ndani akaitika kwa nguvu, "Ee, karibu! Karibu ndani, mgeni!" Tukasikia kabati linafunguliwa. Akatokea amevaa koti lake la ibada, amelifunga vifungo vyote, mkononi ameshika kisahani cha akamwani, zile kahawa za kutafuna ambazo kwetu mgeni hapiti bila kupewa. Akatazama mlangoni. Akanitazama mimi, ambaye tulishasalimiana.

"Mgeni yuko wapi?"

Mama akapiga kofi taratibu juu ya kasha. "Huyu hapa."

Mchungaji alilitazama lile kasha. Kisha akasogea, akakiweka kisahani mbele yake, akavuta kiti, akaketi wima kama anavyoketi mbele ya wageni wote.

"Karibu sana, waitu," aliiambia kwa sauti ya juu. "Umetokea wapi?"

Mama akaweka vidole kwenye herufi, akaanza kuandika jibu.